Kwa Moteri ya Zamani

Jumamosi tulikutoa.
Nabintu alivuta mnyororo, mimi nikakuongoza kwa kiganja,
Zihalirwa akafoka, "Taratibu, si gunia la mihogo hilo!"
Ukaning'inia kwenye boriti ya mkaratusi
ukidondosha mafuta meusi juu ya udongo wa Kadutu,
na gari likanyanyua pua
kama mchukuzi aliyetuliwa mzigo
asijue mikono aiweke wapi.

Silinda nne. Elfu moja na mia tatu.
Baba alizitaja namba hizo kama anataja ukoo.
Nyawera hadi Bagira, miaka kumi na tisa,
wanne nyuma, wawili mbele, kuku chini ya kiti.
Ila mlima ulikuaibisha.
Ukifika pale penye matope unakohoa, unatetemeka, unanyamaza,
na hapo ndipo kazi yangu inapoanza:
mtoto wa miaka minane, jiwe kifuani,
nakimbia nyuma kulisukumia chini ya tairi
kabla hatujarudi wote ziwani.
"Nimelipa nikae," alisema mama mmoja akishuka, "sikulipa nisukume."
Baba alicheka. Mimi sikucheka.
Usiku ule nililiapia lile jiwe.

Sasa huyu mgeni. Silinda sita, mstari mmoja,
lita mbili na nusu, na turbo kama konokono wa chuma.
Gari lake liligongwa huko Japani, sijui na nani;
akavuka bahari, akapita Mombasa, akapita Kigali,
akafika daraja la Ruzizi amefungwa plastiki,
akagongewa mihuri mingi kuliko pasipoti yangu.
Niliuza pikipiki. Niliuza na kitanda cha wageni.
Nsimire hakunisemesha siku tisa;
ya kumi akauliza tu, "Wageni watalala ndani ya gari?"

Na hakuingia. Alizidi shubiri moja.
Tulikata, tukapima, tukakata tena,
radieta ikasogea mbele ikakaribia kubusu bampa,
shafti ikaenda kufupishwa Nyawera, ikarudi fupi mno, ikaenda tena.
Umeme ulikuja saa nane za usiku.
Nabintu alilala na kofia ya kuchomea kifuani;
taa ikiwaka anaamka, anachoma,
cheche zinaanguka kwenye ndala zake, hajali.
"Nguvu ya kupanda umenunua," aliniambia bila kuinua kofia,
"ya kusimama je?"
Nikasema pesa imeisha. Nikasema breki za baba zinatosha.

Tuliwasha Jumapili, watu wakitoka misa.
Sikuwa nimewahi kusikia gari letu likivuta pumzi.
Mlima ule sikuuona. Niliuona nilipokwisha kuupita.
Watoto walikimbia nyuma yetu wakishangilia,
na hakuna hata mmoja aliyebeba jiwe.

Kisha kilele. Kisha mteremko.
Kanyagio likazama hadi sakafuni,
harufu ya breki, harufu kama ya nywele zinazoungua,
gia ya pili, ya kwanza,
ukuta wa shule ukija taratibu kama mtu anayekudai.
Lundo la mchanga wa mjenzi ndilo lililotupokea.
Nabintu akashuka, akatazama huku na huku,
akaokota jiwe, akaliweka chini ya tairi kwa upole.
Hakusema kitu. Ningependa angesema.

Wewe sasa unasaga mihogo Bagira,
umefungwa kwenye zege, huna mlima tena.
Jana nilipita kukuona. Umejaa unga hadi masikioni;
mwenye kinu anasema hujakohoa hata siku moja.
Nilikuwekea mkono. Joto lako ni lile lile.
Gari nililiacha nyumbani, juu ya magogo, likingoja diski za breki.
Nilikuja kwa miguu.
Nikakusimulia habari za mlima.
Hukuacha kazi ili unisikilize.